Nyumba Ipimwe kwa Kazi Yake, Si kwa Asili ya Bati Lake

Mafuta ya taa yalipoanza kuuzwa kwa wingi Afrika Mashariki yalikuja ndani ya debe, mkebe wa mraba wa bati jepesi uliobeba galoni nne, yaani karibu lita 18. Mafuta yaliisha, debe likabaki. Likachotea maji kisimani, likapimia mahindi sokoni, likachemshia chai ya matanga na ya arusi, likapaliwa makaa juu na chini likawa tanuri ya mikate. Likishatoboka lisiweze tena kushika maji, lilipasuliwa kwenye mshono wake, likanyooshwa kwa nyundo, na hapo likawa bati la paa lenye urefu wa karibu mita moja na upana wa sentimita 35 hivi.

Mtaa wa Pumwani, Nairobi, ulijengwa kwa namna hiyo. Viwanja vilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Waafrika waliogawiwa wakasimamisha nyumba za Kiswahili: kuta za fito na udongo, ujia katikati, vyumba pande mbili, uwanda nyuma, na juu mabati ya madebe yaliyopandana kama magamba ya samaki. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi waliojitafutia fedha mjini na hawakuwa na shamba la kurudia. Walikodisha vyumba kwa vibarua, wapishi na makarani ambao serikali ya kikoloni iliitaka nguvu yao lakini haikutaka kuwajengea. Mji ulilala chini ya madebe.

Hilo halikuzipatia nyumba hizo heshima. Zilihesabiwa kuwa vibanda, na kibanda hakina haki ya kudumu mahali. Mtaa wa Pangani, ulio jirani na Pumwani na uliokuwa na nyumba za aina hiyohiyo, ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wakatawanywa.

Mtazamo huo haukufungasha virago pamoja na mkoloni. Mwaka 1968, Kenya ikiwa huru, zilitolewa sheria ndogo za ujenzi zilizofuata mfano wa Uingereza, na ndani yake nyumba halali ya mjini ilikuwa ile ya vifaa vya kudumu: jiwe, saruji, tofali la kuchoma. Udongo, fito, bati lililokwisha kutumika, vyote viliwekwa upande wa pili wa mstari. Nyumba iliweza kuwa kavu, imara na yenye hewa safi, ikahesabiwa kuwa kosa kwa sababu ya kile ilichojengwa nacho.

Huo ndio mstari unaofaa kufutwa, tena sasa, wakati kuishi katika nyumba isiyo ya kawaida kumekuwa jambo la kutamanika kwa wenye uwezo. Kutoka Lamu hadi Nungwi, Zanzibar, mbao za majahazi makuukuu zimegeuka meza, vitanda na fremu za vioo katika hoteli za wageni, na kadiri ubao unavyoonyesha makovu ya misumari na chumvi ndivyo bei inavyopanda. Kontena lililomaliza safari zake baharini linakatwa madirisha, linapakwa rangi, linawekwa kwenye kiwanja chenye bustani, na picha zake zinapamba majarida ya nyumba. Ni kazi nzuri, na wanaoifanya wanastahili kusifiwa. Lakini mama mwenye chumba cha mabati ya mtumba kule Mukuru, mtaa wa mabati jijini Nairobi, ametumia akili ileile, na yeye ndiye anayelala akisikiliza kama tingatinga linakuja.

Asifikiri mtu kwamba hapa unasifiwa umaskini. Anayejenga kwa vilivyobaki kwa sababu hana kingine hakuchagua, na paa linalovuja haliachi kuvuja kwa kuwa lina historia ya kupendeza. Kinachodaiwa ni haki ndogo tu: nyumba iulizwe inafanya nini. Inazuia mvua? Inasimama upepo ukivuma? Moto ukizuka, waliomo wanatoka? Inamtia sumu anayelala ndani? Nyumba ikijibu vizuri, asili ya bati lake isiwe shauri la mtu. Ikijibu vibaya, isisamehewe hata kama imesanifiwa na bingwa.

Kenya yenyewe iliwahi kulikubali wazo hili kwa maandishi. Mwaka 1995 kanuni zilirekebishwa, marekebisho yaliyojulikana kama Code 95, na badala ya kutaja jiwe na saruji zikaanza kutaja kazi ambayo ukuta au paa linapaswa kufanya. Tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa likapata mlango wa kuingilia mjini. Tatizo ni kwamba kanuni hizo zilihitaji kupokewa na kila baraza la mji, na mabaraza mengi yalijikokota. Mkaguzi aliyefundishwa kukagua vifaa aliendelea kukagua vifaa.

Wenye ujuzi wa kugeuza vitu hawajapata kukosekana. Kamukunji, Nairobi, pembeni mwa soko la Gikomba, mlio wa nyundo unasikika kabla hujaona nyundo yenyewe. Pale pipa la mafuta la lita 200 lina maisha ya pili yanayojulikana hatua kwa hatua. Fundi hulilaza, huliweka tindo kwenye ukingo wa kifuniko, hupiga na kulizungusha kidogo, hupiga na kulizungusha, mpaka kifuniko kimeachia. Hufanya vivyo hivyo upande wa chini. Kisha hulipasua ubavuni na kulifungua, akalipondaponda juu ya kipande cha reli kinachomfaa kama fuawe, hadi lile duara linakuwa bati bapa la karibu mita 1.8 kwa sentimita 88. Ndani ya bati hilo tayari anaona karai, jiko, beseni la kukaangia. Vipande vya pembeni vinakuwa miguu na vishikio. Kinachotupwa ni kidogo mno.

Mtazamaji anaweza kujiuliza kwa nini atumie tindo na jasho wakati mwale wa gesi ungekata kwa dakika chache. Pipa lililobeba petroli au vimumunyisho hubaki na mvuke usioonekana, na moto ukiugusa pipa hulipuka. Fundi makini huuliza kwanza pipa lilibeba nini. Huo ni ujuzi wa usalama ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha mabaraza ya miji, na umeokoa mikono na macho ya watu.

Mafundi hawa walifukuzwa na askari wa jiji miaka nenda miaka rudi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya mwaka 1972 ndio ulioitambulisha dunia na maneno «sekta isiyo rasmi», na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba serikali iache kuwasumbua watu hawa na kuwabomolea. Ilichukua miaka mingine 13. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawakuta wakifanya kazi juani, akaamuru wajengewe mabanda. Jina lao la jua kali likaingia katika nyaraka za serikali, na mwaka 1992 ikatolewa sera yake.

Kutoka katika mikono ya namna hiyo, Kamukunji na Shauri Moyo, likasambaa lile jiko la mkaa lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, ambalo sasa limejaa majumbani kote Afrika Mashariki. Wazo lilichukuliwa kutoka Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1980, likabadilishwa umbo likaendana na sufuria zetu. Siri yake ni ule udongo: jiko la bati tupu humwaga joto pembeni na kumuunguza mpishi miguu, wakati udongo hulizuia joto likabaki chini ya chungu, mkaa ukatumika kidogo. Wahandisi walipima moto, mafundi wakatafuta namna ya kulitengeneza kwa chuma chakavu na kuliuza kwa bei ya mtu wa kawaida. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hakuwa nacho.

Mbali na hapa, katika jimbo la New Mexico, Marekani, msanifu majengo Michael Reynolds amepitia vita inayofanana na hii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu na mji wa Taos, alianza kujenga kwa makopo ya bia, kisha kwa matairi makuukuu yaliyoshindiliwa udongo kwa nyundo kubwa. Tairi moja likishajazwa lina uzito wa zaidi ya kilo 100, halihamishiki. Ukuta wa matairi hayo hunywa joto la jua mchana na kulirudisha chumbani usiku, maji ya mvua hukusanywa juu ya paa, na maji ya kuogea hunywesha mimea iliyopandwa ndani ya nyumba.

Baadhi ya nyumba hizo zilivuja. Nyingine zilipata joto kupita kiasi, na wateja wakalalamika. Reynolds akapoteza leseni yake ya usanifu. Alikwenda kwenye bunge la jimbo mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 2007 ikapita sheria inayoruhusu maeneo maalumu ya majaribio, ambamo mtu anaweza kujenga nje ya kanuni za kawaida kwa kibali, kwa kipimo na chini ya macho ya wakaguzi. Leseni yake ilirudishwa. Hapo pana jambo la kuigwa na Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa. Mjaribu hakuachiwa afanye atakavyo, wala hakuzimwa. Alipewa kiwanja na masharti.

Nyumba zenyewe si za kuigwa vivi hivi. Taos iko jangwani, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, jua kali mchana na baridi kali usiku, kwa hiyo ukuta mzito unaohifadhi joto ni neema. Ukiupeleka Mombasa, ambako usiku haupoi na hewa imejaa unyevu, umejenga chumba cha mvuke. Wajenzi wa pwani walijua tangu zamani kwamba huko nyumba inahitaji upepo: paa la juu la makuti, madirisha yanayotazamana, baraza lenye kivuli.

Kontena nalo lina yake, na wengi wanaolipenda hawajaambiwa. Ni sanduku la chuma lenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.6 hivi. Ukiweka dari na tabaka la kuzuia joto, kichwa kinakaribia kugusa juu. Usipoweka, saa sita mchana ndani hapakaliki. Katika nyanda za juu kama Nairobi, chuma hupoa usiku na pumzi za waliolala hugeuka matone ya maji ukutani, na alfajiri godoro limelowa. Nguvu ya kontena iko kwenye nguzo zake nne za pembeni na katika yale mabati yaliyokunjwa ya ubavuni. Anayekata ukuta mzima ili aweke dirisha pana bila kuongeza fremu ya chuma amelilegeza. Sakafu ya mbao, hasa katika makontena ya zamani, mara nyingi imetiwa dawa ya kuua wadudu ili isipeleke mchwa bandari hadi bandari, na dawa hiyo haikukusudiwa kwa mtoto anayetambaa. Mwenye kontena anafaa kung'oa sakafu hiyo au kuifunika isivuje harufu, na juu ya kontena aweke paa la pili lililoinuliwa, upepo upite katikati. Kwa gharama zote hizo, wapo ambao wangejenga kwa tofali la udongo wakabakiwa na chenji.

Upo upande mchungu zaidi. Kugeuza vitu vilivyokwisha kazi kunaweza kuua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri za magari kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kwa jina, ile ilikuwa kazi ya kutumia upya, ile inayosifiwa kwenye mabango. Moshi na maji machafu viliingia majumbani, watoto wakapatikana na risasi katika damu, watu wakafa. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe mchanga aliathirika, aliongoza mapambano hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Hukumu ilitenguliwa katika rufaa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha hukumu hiyo.

Hatari hiyo ina ndugu yake mdogo jikoni. Sufuria nzito za alumini zinazosubiwa kwenye mchanga kutokana na vyuma chakavu vya injini, makopo na vipuri zinaweza kubeba risasi kutegemea kilichotupwa ndani ya tanuri siku ile. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vikaonekana kuachia risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Anayesubu hana namna ya kuiona risasi kwa macho. Chombo cha kuipima kipo, na kinashikika mkononi, lakini si mali ya fundi wa mtaani. Kumwambia afunge karakana si jibu. Kumpimia chuma chake kabla hakijayeyushwa kungekuwa jibu.

Kwa nini kipimo kinaleta tofauti kubwa hivyo, mfano mzuri uko Nairobi kwenyewe. Nzambi Matee, mwanasayansi wa vifaa, alianzisha kampuni ya Gjenge Makers inayochanganya plastiki iliyotupwa na mchanga, kuipasha moto na kuigandamiza hadi inakuwa matofali ya kutandika njia na viwanja. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtaja miongoni mwa mabingwa vijana wa mazingira. Sifa hiyo ni nzuri, ila iliyomfungulia soko ni kuwa na tofali lililopimwa uwezo wake wa kubeba mzigo. Mkuu wa shule anayetaka kutandika uwanja haulizi tena kama lile ni taka. Anauliza bei.

Lamu nako kipimo kilikuwa bahari. Jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita tisa, lilijengwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake ukavikwa kandambili zipatazo 30,000 za rangi zote zilizotupwa na mawimbi ufukweni. Aliyeongoza ujenzi ni Ali Skanda, fundi aliyerithi kazi ya kuunda vyombo. Plastiki iliyoyeyushwa ikawa mbao na mataruma, nayo ikachongwa, ikakatwa na kuunganishwa kwa mbinu za vyombo vya mti. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri karibu kilomita 500 hadi Zanzibar. Wapo waliodhani ni kichekesho cha kuwavutia watalii. Lakini chombo hakidanganyi baharini: kama maungio yangekuwa mabovu, kisingefika. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Viktoria kufanya ziara nyingine, na Lamu kazi ya kukusanya na kuchakata plastiki ikaendelea.

Ukiwatazama Skanda, Matee na fundi wa Kamukunji kwa pamoja, unaona wote wanajua kwamba kitu kilichotupwa kina tabia yake, na lazima kijulikane kabla hakijapewa kazi mpya. Plastiki hunyumbulika kuliko mti. Pipa lina mvuke. Sheria inayopiga marufuku vifaa kwa majina inaupoteza ujuzi huu wote, na sheria inayofumba macho kwa jina la kuhurumia maskini inawaacha watu wa Owino Uhuru peke yao.

Njia ya kutembea ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, iliyopitishwa Kenya mwaka 2022, inazitaka taka zitenganishwe na kaunti ziwe na vituo vya kuokolea vitu vinavyofaa. Vituo hivyo visiishie kuwa mabohari ya chupa na makaratasi. Viwe na kona ya vifaa vya ujenzi, ambako milango, mabati, mbao na vioo vya majengo yanayobomolewa kila wiki Nairobi vitapangwa na kuuzwa kwa bei ya mwananchi, badala ya kuzikwa kwenye jaa la Dandora pamoja na maganda ya viazi. Vyuo vya ufundi, ambavyo vimetapakaa kila kaunti, vipewe mashine ya kupimia madini, na fundi alipe ada ndogo kuleta kipande cha chuma chake. Yatengwe maeneo ya majaribio mfano wa New Mexico, yasiwe ya kampuni peke yake bali na ya vikundi vya akiba vya mitaani. Na wakaguzi wafundishwe upya, kwa sababu kanuni ya 1995 ilionyesha wazi kwamba karatasi nzuri mikononi mwa mkaguzi wa zamani haibadilishi kitu.

Nairobi tayari ina mahali pa kuanzia. Agosti 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, ikakubali kwamba mtaa wa mabati wenye mamia ya maelfu ya watu hauwezi kupangwa kwa vipimo vya mtaa wa kitajiri wa Karen, na wakazi wakaketi na wataalamu kuamua upana wa njia na mahali pa mabomba. Mkaguzi atakayekwenda huko akiuliza maswali ya kazi, si ya asili ya bati, ataandika makosa mengi: nyaya za umeme zilizopitishwa juu ya mbao kavu, vyumba visivyo na dirisha, kuta za bati zisizozuia baridi ya Julai, njia ambayo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Karibu kila moja ya makosa hayo linaweza kurekebishwa, chumba kwa chumba na ploti kwa ploti, bila mpangaji kutolewa nje.